Fungu la Subira na Deni la Muda

Katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering kuna kanuni inayofundishwa mapema kuliko karibu nyingine zote: mwenye karata nyingi ndiye mwenye ushindi. Kila mchezaji huanza na karata 7 mkononi na alama 20 za uhai, huvuta karata moja kila zamu, na kila alichonacho cha kushambulia, kujilinda au kuharibu kimo ndani ya karata hizo. Basi ukitumia moja kuangamiza mbili za mwenzako, au ukitumia moja kuvuta tatu, umepata ziada, na ziada hiyo ikijirudia mara nne au tano mpinzani hubaki mikono mitupu huku wewe ungali na cha kucheza. Hii ndiyo faida ya karata. Juu yake limejengwa fungu la aina ya pekee, fungu la subira, lisilo na haraka ya kuua. Hubadilishana na mpinzani karata moja kwa moja ya kwake mpaka zake zimwishie. Nalipenda fungu hili kuliko mengine yote, na kwa kuwa nalipenda nataka kubishana na namna wengi wanavyolijenga. Huanza kwa kuuliza: nitapata wapi karata za kuvutia karata zaidi? Nadai kwamba swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: muda utakaotumika kuvuta, nani ataulipa?

Mchezo huu haufanani na karata za barazani, ambako wote hugawiwa kutoka pakiti moja. Hapa kila mmoja huja na fungu lake, alilolichagua karata kwa karata kabla ya kuketi, lisilopungua karata 60, na ndani yake hakuna karata inayozidi nakala 4 isipokuwa ardhi za kawaida. Aliyeubuni, Richard Garfield, ni mwanahisabati, na tangu ulipotoka Marekani mwaka 1993 umekuwa mchezo wa watu wanaopenda hesabu. Ardhi huzalisha nguvu iitwayo mana, na kwa mana hulipiwa viumbe vya kupigana na uganga wa kila namna. Ila ardhi huwekwa moja tu kwa zamu. Sheria hiyo ndogo ndiyo inayoupa muda bei yake. Zamu ya 3, kwa kawaida, una mana 3 na basi, na ukizimaliza katika kuvuta karata hubakiwi na kitu cha kumzuia kiumbe anayekujia. Mana ya zamu hii haiwekwi akiba hadi zamu ijayo, usipoitumia, imepotea.

Ushahidi wa kwanza umo katika mchezo wenyewe tangu siku ulipozaliwa. Garfield aliweka karata tano, moja kwa kila rangi, zote za mana 1 na zote zikitoa kitu kwa kiasi cha tatu. Healing Salve ya rangi nyeupe ilirudisha uhai 3. Lightning Bolt nyekundu ilipiga 3. Dark Ritual nyeusi ilitoa mana 3, Giant Growth ya kijani ilikiongezea kiumbe nguvu 3 kwa zamu moja, na Ancestral Recall ya bluu ilivuta karata 3. Kwa maandishi zilikuwa ndugu. Mezani hazikukaribiana hata kidogo. Leo Ancestral Recall imepigwa marufuku katika mashindano ya mtindo wa Legacy, na hata katika Vintage, ambako karibu kila karata ya kale inaruhusiwa, fungu halipewi zaidi ya nakala moja. Wengi huisoma historia hii na kuhitimisha kwamba karata ni mali iliyo juu ya uhai, juu ya nguvu, juu ya kila kitu. Mimi naisoma vingine. Ipo karata iitwayo Concentrate, ya mwaka 2001, inayovuta karata 3 zilezile kwa mana 4, na haikuwahi kuhitaji marufuku. Zawadi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba ya kwanza hukuacha na zamu yako nzima, na ya pili huila zamu yote.

Kama mtu ataona mfano huo hautoshi, historia ilifanya jaribio lililo safi zaidi. Mwaka 2014 ilitoka Treasure Cruise, nayo huvuta karata 3. Bei iliyoandikwa juu yake ni mana 8, lakini mchezaji huruhusiwa kupunguza bei hiyo kwa kuziondoa kabisa karata zilizokwisha kutumika, zilizolala makaburini mwake. Katika mitindo ya mashindano yenye uganga mwingi wa bei rahisi makaburi hujaa haraka, na Treasure Cruise ikawa inachezwa kwa mana 1 au 2. Kufikia Januari 2015 ilikwisha kupigwa marufuku katika Modern na katika Legacy. Katika Standard, ambako makaburi hujaa polepole, iliendelea kuchezwa kihalali bila matatizo. Karata moja, maandishi yaleyale, mwaka uleule; pale ilipoiba muda ilifukuzwa, na pale ilipoulipa ilivumiliwa. Miaka kumi kabla yake Skullclamp, chombo cha kuvisha viumbe kilichotoka Februari 2004, kiligeuza kiumbe dhaifu kuwa karata 2 kwa malipo ya mana 1, na kufikia Juni mwaka huohuo kilikuwa kimeondolewa katika Standard. Sioni namna ya kuieleza mifano hii kwa kuhesabu karata peke yake.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengine ni Brian Weissman wa California. Fungu lake la katikati ya miaka ya 1990, lililojulikana kwa jina la The Deck, ndilo linalotajwa kila mara kama chimbuko la nadharia ya faida ya karata, na kwa sababu hiyo nashangaa ni wachache kiasi gani wanaolichunguza kwa makini. Ukilifungua hukuti rundo la karata za kuvuta. Unakuta Swords to Plowshares, ambayo kwa mana 1 humwondoa kiumbe yeyote, na malipo yake ni kwamba mwenye kiumbe anaongezewa uhai. Malipo hayo hayamuumizi mchezaji wa subira hata kidogo, kwani hana haraka; mpinzani mwenye uhai 25 na asiye na kitu mezani amekwisha kushindwa, ila hajaambiwa. Unakuta Mana Drain, inayozuia uganga wa mpinzani kwa mana 2 na kisha kukurudishia, katika zamu yako inayofuata, mana sawa na gharama ya kile ulichokizuia. Yaani imekulipa muda badala ya kukutoza. Unakuta Moat, na tangu inapotua hakuna kiumbe asiyeruka anayeweza kushambulia. Baada ya hayo yote, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, ndipo kinapotoka Jayemdae Tome, kitabu cha mana 4 kinachodai mana 4 nyingine kwa kila karata moja unayoivuta. Ni uvutaji wa mwendo wa kobe. Weissman aliumudu kwa sababu alikwisha kuununua muda kabla ya kuutumia.

Kuna jambo jingine katika fungu hilo ambalo naliona kuwa ndilo werevu wake mkubwa. Viumbe vyake vilikuwa viwili tu, nakala mbili za Serra Angel, malaika arukaye mwenye nguvu 4, anayehitaji mashambulizi matano kumaliza uhai wa mtu. Mpinzani aliyekuja na karata nane au kumi za kuulia viumbe alizivuta moja baada ya nyingine na kukosa wa kumuua. Zilikaa mkononi mwake zikionekana ni utajiri. Weissman hakuvuta hata karata moja ya ziada, na hata hivyo alikwisha kumzidi mwenzake kwa karata nne au tano zenye kazi. Mcheza bao anaifahamu hali hii bila kufafanuliwa: kete zaweza kuwa lukuki katika safu ya nyuma, na bado ukashindwa pale safu yako ya mbele inapobaki tupu. Kuhesabu karata za mkononi ni kuhesabu kete zote za ubao kwa jumla. Hesabu yenye maana ni ya zile zinazoweza kufanya kitu, leo, kwa mana iliyopo, dhidi ya adui aliyepo.

Mwenye fungu la haraka ana hoja nzito dhidi ya nadharia hii yote, na haifai kuipita juu juu. Atasema: mimi nahitaji kupiga 20. Lightning Bolt hupiga 3. Mara 7 ni 21. Ingawa naruhusiwa nakala 4 tu za hiyo moja, zipo nyingine za jinsi yake, basi karata saba za uganga na ardhi tatu zinanitosha, na karata kumi nitakuwa nimeziona kufikia zamu ya 4. Zako kumi na mbili ulizozikusanya mkononi zitakufaa nini utakapokuwa umekufa? Mwaka 1996 mjini Atlanta, Paul Sligh alicheza fungu lililobuniwa na Jay Schneider, lililojaa viumbe vyekundu ambavyo wachezaji wengi waliviona takataka, Ironclaw Orcs wakiwemo. Nguvu yake ilikuwa katika mpangilio: kila zamu ilikuwa na cha kulipia, na mana karibu haikupotea kamwe. Wenye karata bora walipigwa na mwenye karata duni kwa sababu mwenye karata duni alizitumia zote.

Hoja hii naikubali kwa ukamilifu. Haiiangushi nadharia ya subira; inaonyesha ni wapi ijengwe. Kama adui anaweza kukumaliza kwa karata kumi za mwanzo, basi karata zako kumi za mwanzo si mahali pa biashara, ni mahali pa kuishi. Fikiria kiumbe wa nguvu 2 anayetua mapema na kushambulia kila zamu kuanzia ya 3. Ukimuua zamu ya 2 kwa karata ya mana 1, kufikia mwisho wa zamu ya 7 atakuwa amekosa mashambulizi matano, uhai 10, nusu ya maisha yako. Ukimuua zamu ya 6 kwa karata ileile umeokoa uhai 4 tu. Kwenye daftari la faida ya karata matukio haya mawili yameandikwa sawasawa: moja kwa moja, hakuna ziada. Daftari hilo ni pofu. Karata ya kuua ya bei rahisi, ikija mapema, huvuta zamu kama vile karata nyingine zinavyovuta karata, na zamu mbili za ziada mwishoni mwa mchezo, ukiwa na ardhi nane mezani, zina thamani ambayo hakuna uvutaji wa zamu ya 3 unaoweza kuifikia.

Atakayetaka kunipinga kwa mfano mmoja atachagua Necropotence, na atakuwa amechagua vizuri. Ilitoka mwaka 1995 katika toleo la Ice Age. Ukiilipia mana 3 nyeusi unaacha kuvuta karata ya kawaida ya kila zamu, na badala yake kila alama ya uhai unayoitoa inakupa karata moja. Mwanzoni wengi waliidharau. Kiangazi cha 1996 ilitawala mashindano hata kipindi hicho kikaitwa kiangazi cheusi, na mwaka 1997 Randy Buehler alishinda Pro Tour ya Chicago kwa fungu lililoegemea juu yake. Je, si huku ndiko kuuza muda ili kununua karata, kinyume kabisa cha ninachodai? Tazama inavyolipiwa. Mana hulipwa mara moja, zamu moja, na baada ya hapo uvutaji haudai mana yoyote. Mchezaji huvuta karata tano na bado zamu inayofuata ana mana zake zote za kuulia, kuharibia na kumnyang'anya mwenzake karata za mkononi kwa Hymn to Tourach, inayoondoa mbili kwa mana 2. Uhai hulipwa, ndiyo, lakini hununua papo hapo vitu vya kuuzuia uhai uliobaki usiguswe. Wajenzi wake waliweka Drain Life ili kuurudisha uhai waliouuza. Walijua wanakopa, na walijua watalipa kwa nini. Yule aliyeiweka Necropotence katika fungu lisilo na ulinzi wa bei rahisi, kisha akakutana na moto mwekundu, alimfanyia adui yake nusu ya kazi.

Nikishuka kwenye ujenzi wenyewe, mgawanyo ninaoutetea kwa fungu la karata 60 ni ardhi 26, karata 10 za kuua kiumbe mmoja kwa mana 1 au 2, karata 8 za kuzuia uganga usitimie, 4 za kufagia meza nzima mfano wa Wrath of God, 8 za kuvuta na 4 za kumaliza mchezo. Wengi wataona 8 za kuvuta ni chache na 10 za kuua ni nyingi mno. Hesabu ya bahati nasibu inasema hivi: ukiwa na nakala 10 za aina moja ndani ya 60, uwezekano wa kuiona angalau moja katika karata 7 za mwanzo ni karibu asilimia 74, ukiwa na 4, ni asilimia 40. Mtu anayepunguza karata za kuua kutoka 10 hadi 4 ili apate nafasi ya kuvuta amejihukumu kuanza michezo sita katika kila kumi bila chochote cha kumzuia kiumbe wa kwanza, na atakuwa akitumaini kwamba atakachokivuta kwa mana 3 kitakuwa kile alichokitoa. Ni mzunguko wa ajabu, kulipa ili ukipate ulichokuwa nacho. Ardhi 26 nazo hupingwa, kwa kuwa ni nyingi. Katika karata kumi za mwanzo hukupa wastani wa ardhi 4 na kidogo, wakati ardhi 24 hukupa 4 kamili, na tofauti hiyo ndogo ni muhimu kwa fungu ambalo haliwezi kukosa ardhi ya nne wala ya tano.

Hiyo ya tano ndiyo naiona kuwa mpaka. Kwa mana 5 unaweza kuvuta karata 2 kwa mana 3 na kubakiwa na mana 2 za Counterspell, karata ya kuzuia iliyo sahili kuliko zote. Zamu ya 3 uvutaji ni kamari. Zamu ya 5 ni kazi ya kawaida, kwa sababu mlango unabaki na mlinzi. Na bora kuliko hizo ni zile za kuvuta ambazo huchezwa katika zamu ya mpinzani. Fact or Fiction ya mwaka 2000 hugharimu mana 4: hufunua karata tano za juu, mpinzani huzigawa mafungu mawili, nawe huchagua fungu moja. Watu huisifu kwa wingi wa karata inazoleta. Sifa yake kubwa, kwangu mimi, ni kwamba mana zako 4 hukaa zikingoja. Mpinzani akicheza kitu cha hatari, unakizuia. Akisita, mwishoni mwa zamu yake unavuta. Mana ileile imekuwa ngao na imekuwa biashara, na yeye ndiye aliyelazimika kuchagua ipi, bila kujua alikuwa akichagua.

Wapo watakaosema nadharia hii ni ya kale, kwamba viumbe vya siku hizi vimeiua. Zamani kiumbe alikuwa mwili tu. Ukimuua mmekuwa sawa. Sasa kiumbe huja na zawadi mkononi. Mulldrifter ya mwaka 2007 huruka, ina nguvu 2, na huvuta karata 2 pale tu inapotua. Uiue, na mwenzako bado amekuzidi kwa mbili. Ni kweli, na kwa hiyo fungu la leo haliwezi kutegemea kuua peke yake. Lazima lizuie kabla ya kutua, na lifagie wengi kwa mpigo. Lakini angalia karata zilizolitawala fungu la subira katika miaka hiyohiyo ya viumbe vyenye zawadi. Sphinx's Revelation ya mwaka 2012 huvuta idadi ya karata unayoimudu na kukurudishia uhai wa idadi hiyohiyo. Uro, jitu la mwaka 2020, huvuta karata moja, hurudisha uhai 3, hukuruhusu kuongeza ardhi ya ziada, kisha baadaye hufufuka kutoka makaburini na kuanza upya. Uro alipigwa marufuku katika Standard mwaka huohuo na katika Modern mwaka 2021. Kuvuta karata moja hakumfukuzi mtu. Kilichomfukuza ni kwamba kila alipochota ziada alirudisha pia muda uliotumika kuichota, kwa uhai na kwa ardhi, na fungu lisilodaiwa muda halina mahali pa kushikwa.

Shutuma inayoniuma zaidi si ya kiufundi. Husemwa kwamba fungu la subira ni la mtu asiyetaka mwenzake acheze: anazuia, anaua, anafagia, anamnyang'anya, na mwishowe anashinda dhidi ya mtu aliyekaa akitazama. Wanaosema hivyo nawaelewa. Hata hivyo mchezo mrefu huwapa wote wawili maamuzi mengi zaidi, na pale maamuzi yanapokuwa mengi, bahati ya karata saba za mwanzo hupungua nguvu. Katika mchezo wa zamu nne mara nyingi kilichoamua ni nani alipata ardhi. Katika mchezo wa zamu kumi na tano kilichoamua ni nani alijua azuie nini na aache nini kipite. Mpinzani wa fungu la subira anacheza sana, akitaka: lazima ajizuie asimwage viumbe vyote mezani kabla ya kufagiwa, lazima atege, lazima aufiche uganga wake mkubwa nyuma ya mdogo. Ninachokubali bila ubishi ni kwamba kumkalisha mtu mbele ya mchezo uliokwisha bila kuumaliza ni kosa, na ni kosa la ujenzi. Mashindano hutoa dakika 50 kwa pambano la michezo mitatu. Weissman, mwenye malaika wawili, alikuwa na asilimia 78 ya kutokuwa na hata mmoja katika karata saba za mwanzo, jambo lililomfaa kwani mapema wangekuwa mzigo; lakini hata baada ya kuona karata 30, nusu ya fungu, bado mara moja katika nne angekuwa hajamwona yeyote. Ndiyo maana naweka nne za kumaliza. Mbili zinatosha kwa ushindi. Nne zinatosha kwa ushindi ndani ya saa, na kwa heshima ya aliyeketi mbele yako.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Moat imo katika orodha ya karata ambazo wachapishaji waliahidi, tangu 1996, kutozichapa tena, na bei yake inajulikana kwa machungu yake. Lakini upo mtindo wa mashindano uitwao Pauper, unaoruhusu tu karata zilizowahi kutolewa kwa daraja la kawaida kabisa, na humo Counterspell imo, Mulldrifter imo, Chainer's Edict, ambayo karata moja huua leo na huua tena baadaye kutoka makaburini, nayo imo. Mafungu ya subira humo hujengwa kwa hoja zilezile na huzishinda pesa za watu.

Jaribio gumu kuliko yote huja pale mafungu mawili ya subira yanapokutana. Karata 10 za kuua, zilizookoa maisha mbele ya moto mwekundu, hazina wa kumuua. Za kufagia hazina cha kufagia. Mike Flores, katika makala yake ya 1999 ambayo wachezaji hadi leo hupewa waisome, alionyesha kwamba katika kila pambano kuna mmoja anayepaswa kuwa mshambuliaji, na asiyejua kuwa ni yeye hushindwa. Hakuna mahali ambapo hilo ni zito kama hapa, kwa kuwa hakuna kati ya wawili hao anayetaka kushambulia. Mwanzoni kuvuta ni kuzuri kwelikweli, kwani hakuna anayekushika na kila anayekosa ardhi anabaki nyuma. Lakini sheria ya mchezo inasema anayetakiwa kuvuta na fungu lake limekwisha, ameshindwa. Baada ya karata 7 za mwanzo zimebaki 53, na kila karata 2 za ziada unazozivuta zimekata zamu mbili kutoka mwisho wa uhai wako. Mwaka 2013 wajenzi wa mafungu meupe na bluu, wakiwa na Sphinx's Revelation ya kuwavutia karata sita au saba kwa mkupuo, walilitatua hilo kwa kuweka Elixir of Immortality, chombo cha mana 1 ambacho ukilipa mana 2 nyingine hukupa uhai 5 na kulirudisha kaburi lako lote, chombo chenyewe kikiwemo, ndani ya fungu, likachangwa upya. Baadhi yao karibu hawakuweka kitu kingine cha kushindia. Walimwacha mpinzani avute mpaka zake zimwishie, huku fungu lao likijaa tena.